Hilux ya 22R-E na sensa ya hewa ya kizamani: tulio Mbeya, Njombe na Iringa tusome kabla ya kununua

PikapuUyole

Wakuu, habari za mihangaiko.

Uzi huu ni kwa wenye Hilux za zamani za 22R-E, ile injini ya petroli ya cc 2,366, silinda 4, yenye nozeli badala ya kabureta. Wenye Surf za 3VZ-E na Land Cruiser za 3F-E kaeni humu humu, mita zenu za hewa ni za ukoo huo huo.

Nimeufungua kwa sababu watu wanauziwa maneno. Mtu wa Njombe anaambiwa gari yako inatoa moshi mweusi na inakunywa mafuta kwa kuwa sensa ni ya kizamani, funga ya kisasa utaongeza nguvu. Analipa, anafungiwa, gari inamfia mlimani na mzigo juu. Hili linaniuma, maana sensa ya kisasa ina faida ya kweli huku kwetu. Mimi nimeifunga kwenye pikapu yangu ya kubebea viazi na siirudishi ile ya zamani. Ila faida yake siyo ile inayotangazwa.

Tuelewane kwanza sensa ya zamani, yaani hiyo mita ya hewa, inafanyaje kazi. Ni lile sanduku la aluminiamu kati ya ea klina na mpira mnene unaokwenda kwenye throto. Ndani yake kuna ulimi wa chuma unaobanwa na springi. Injini ikivuta hewa, ulimi unasukumwa kama mlango unavyosukumwa na upepo. Ukifunguka, mkono mdogo unateleza juu ya njia ya kaboni na volti inabadilika. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma hiyo volti, inasoma na joto la hewa kutoka kwenye sensa ndogo iliyomo humo humo, halafu inaamua nozeli zibaki wazi kwa muda gani.

Hapa ndipo penyewe. Ulimi haupimi uzito wa hewa, unapima msukumo. Petroli inadai uzito: kilo 1 ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na msukumo unapungua pia, lakini ishara ya ulimi haishuki sawa na uzito, inashuka kwa kipeuo cha pili chake. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya hapo ina takribani asilimia 85 ya uzito wa hewa ya pwani. Kipeuo cha pili cha 0.85 ni kama 0.92. Yaani ulimi unaripoti 92 wakati hewa iliyoingia ni 85, na petroli inazidi kwa asilimia 8 hivi. Ukifika Isyonje, juu ya mita 2,000, ziada inapita asilimia 10. Ukishuka Kyela, kwenye mita kama 500, ziada ni asilimia 2 tu na huioni kabisa.

Ndiyo maana gari moja inatoa moshi Uyole na Kyela haitoi. Ukimpelekea fundi wa Kyela atakwambia gari nzima, na anasema kweli.

Sensa ya waya moto inafanya tofauti. Kuna waya mwembamba wa platinamu unaopashwa joto kwa umeme, hewa inapita inaupoza, na umeme unaotakiwa kuurudishia joto lake ndiyo kipimo. Hewa nzito inapoza sana, hewa nyepesi inapoza kidogo. Hapo unapata uzito moja kwa moja, uwe Kyela au Kitulo. Toyota wenyewe walihamia huko: Land Cruiser 80 za 1FZ-FE za soko la Marekani zilianza na ulimi, toleo la 1995 likaja na waya moto.

Sasa suala la nguvu. Hewa imepungua asilimia 15, kwa hiyo injini isiyo na tabo imepoteza karibu kiasi hicho cha nguvu tangu ilipopanda huku, na hakuna sensa duniani itakayorudisha. Unachopata ni kuacha kuchoma petroli ya bure, plagi zinazokaa safi, na gari isiyosita ukikanyaga kwenye mlima. Kwa anayebeba mzigo kila wiki hiyo siyo faida ndogo.

Kabla ya kutoa hela, pima haya. Chomoa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda. Zikiwa nyeusi kavu zote nne, mchanganyiko umezidi petroli. Ikiwa nyeusi moja tu, usihangaike na sensa ya hewa, tafuta tatizo kwenye hiyo silinda. Kisha pima sensa ya joto la maji kwa multimita: injini ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20, iwe kati ya kiloomu 2 na 3, ikishika moto wa nyuzi 80 iwe omu 200 hadi 400. Sensa hii ikidanganya, kontroli boksi inadhani injini bado baridi na inamwaga petroli siku nzima. Nimeona watu wamebadilisha mita ya hewa kumbe tatizo ni kidude hiki. Kuna pia nozeli ya tano, ile ya kuwashia asubuhi. Ikivuja, moshi mweusi hautakwisha hata ufunge sensa ya dhahabu.

Na hili la bure kabisa: gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha oili. Injini inatakiwa iyumbe, hata izime. Isipojali, jua kuna hewa inapenya mahali bila kupita kwenye mita, mara nyingi kwenye ule mpira mnene uliopasuka kwenye mikunjo. Paka sabuni, uminye kwa mkono, utauona ufa.

Mwanatukuyu

Ndaga fijo mkuu. Umegusa penye donda. Mimi niliuziwa sensa ya waya moto iliyotoka kwenye injini ya 3RZ, nikaambiwa ni kuchomeka tu. Sasa gari inawaka nikishikilia ufunguo, nikiachia inazima hapo hapo. Wamebadilisha pampu ya mafuta, hali ile ile. Niko mbioni kurudi kwenye kabureta.

PikapuUyole

Usirudi kwenye kabureta kaka, pampu yako haina kosa lolote.

Ndani ya mita ya ulimi kuna swichi ndogo, waya wake umeandikwa FC. Ulimi ukifunguka kidogo tu swichi inafunga, rilei ya pampu inashika. Wakati wa kupiga stata rilei inashikwa na waya wa stata, ndiyo maana inawaka. Ukiachia ufunguo, kazi hiyo inahamia kwa FC. Wewe umeondoa sanduku, FC haipo, pampu inakata.

Sasa usikubali fundi akuungie FC na E1, ule waya wa eathi, moja kwa moja ukaondoka. Gari itatembea, ndiyo. Lakini ile swichi Toyota hawakuiweka kwa urembo: injini ikizima, ulimi unajifunga na pampu inasimama. Ukiiunga moja kwa moja, siku gari imepinduka kule kwenye kona za Tukuyu na paipu ya mafuta imekatika, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi ya moto mpaka mtu azime swichi. Tumia rilei inayoshika pale tu koili inapopiga moto. Injini ikisimama, nayo inaachia. Naomba hili ulichukulie kwa uzito wote.

Halafu hata pampu ikikaa sawa, bado hujamaliza. Volti za waya moto na volti za ulimi hazilingani. Kwenye mita za Toyota za ulimi kuna matoleo ambayo volti inapanda ulimi ukifunguka na mengine inashuka. Waya moto yenyewe inapanda, na mpando wake siyo mstari ulionyooka. Ukichomeka moja kwa moja unaipa kontroli boksi lugha isiyoijua. Lazima pawepo kisanduku cha kutafsiri katikati, kinachopangwa kwa laptopu: volti hii ya waya moto ni sawa na volti hii ya ulimi, hatua kwa hatua kuanzia sailensa mpaka mafuta yote.

Mzee wa Ipogolo

Kamwene wanangu. Nimefungua hizi mita tangu zilipoanza kuingia Iringa, niongeze neno.

Nyingi hazijafa. Kile kifuniko cheusi cha juu kimegandishwa kwa silikoni, kikate taratibu kwa wembe kizunguko chote, kitang'oka. Ndani utaona kibati cheupe chenye njia nyeusi ya kaboni, na mkono wenye ncha ndogo umelala juu yake. Kiangalie kwa mwanga wa pembeni. Utaona mstari unaong'aa pale mkono unapokaa muda mwingi, mwendo wa kawaida wa barabarani. Hapo kaboni imelika. Gari inasita ukiwa mwendo mmoja na ukikanyaga zaidi inaondoka vizuri? Ni hapo.

Legeza kile kibati, kisogeze kidogo sana, nusu milimita inatosha, ili ncha ipite pembeni ya njia iliyolika. Funga, rudisha kifuniko kwa silikoni mpya. Kuna gurudumu lenye meno linalobana springi. Usiliguse. Ukilazimika, weka alama kwanza kwa msumari, maana likisogea jino moja umebadilisha mchanganyiko wa gari nzima.

Kijana wa Uyole, hesabu yako nimeielewa na naikubali. Lakini mtu asiye na hela ya kisanduku cha kutafsiri asiambiwe hana njia. Atengeneze ya zamani.

PikapuUyole

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kabisa, na naomba wote waanze na ulichoandika hapo. Mita iliyolika ikitengenezwa inarudi ilivyokuwa kiwandani. Tofauti yetu ni ndogo tu: ilivyokuwa kiwandani haikupangwa kwa mita 2,000. Wapo wanaobana lile gurudumu la meno ili kupunguza petroli huku juu. Inapungua kweli, lakini wakishuka Kyela au wakiteremka Kitonga kuelekea Mikumi, hewa inakuwa nzito na petroli inakuwa pungufu wakati injini inafanya kazi ngumu. Petroli pungufu chini ya mzigo inapandisha joto, na silinda hedi ya aluminiamu ya 22R-E haina uvumilivu huo. Anayezunguka Makete na Njombe tu pengine atanusurika. Anayepanda na kushuka, hapana.

Mzee wa Ipogolo

Marahaba. Hapo umesema. Lile gurudumu limeua injini nyingi.

Binti Makambako

Wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo ya injini lakini gari ni yangu na mafuta naweka mimi. Double cabin ya 22R-E, ilikuwa ya mradi. Fundi wangu anasema kuna sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ambayo ingetakiwa kurekebisha haya yote yenyewe, ila kwenye gari yangu waya wake umekatwa. Je, nikiirudisha bado nitahitaji sensa ya hewa?

PikapuUyole

Dada, swali lako ni zuri kuliko mengi yaliyoulizwa na mafundi.

Fundi wako yuko sahihi kwa nusu. Sensa ya oksijeni inanusa moshi na kuiambia kontroli boksi petroli imezidi au imepungua. Ukitembea taratibu kwenye tambarare, pale Igawa kwenda Chimala kwa mfano, inarekebisha ziada ya mwinuko bila wewe kujua. Ila ukikanyaga mafuta mengi kupanda, kontroli boksi inaacha kuisikiliza na kurudi kwenye hesabu ya ulimi peke yake. Kwa hiyo gari yenye sensa nzima hutoa moshi mlimani tu. Gari yenye waya uliokatwa hutoa moshi kila mahali.

Kuhusu waya kukatwa: kabla ya 2006 petroli ya nchi zetu ilikuwa na risasi, na risasi inaua sensa ya oksijeni. Gari zilizoingia miaka hiyo nyingi sensa zilikufa mapema na mafundi wakazikata. Petroli ya sasa haina risasi, kwa hiyo ukifunga mpya itadumu. Anza na hiyo. Ni kazi ndogo kuliko ninayoieleza humu, na kama safari zako nyingi ni tambarare, huenda ikakutosha.

Jambo jingine la kuuliza kabla: kontroli boksi nyingine za Toyota za zama hizo zina kipimo cha mwinuko ndani yake, wanakiita HAC. Kama yako inacho, tatizo la mwinuko limeshashughulikiwa kiwandani, na ukifunga waya moto itapunguza petroli mara mbili.

Kijana wa Vwawa

Kaka, mbona mnazunguka? Toa kontroli boksi yote, weka MegaSquirt, kontroli boksi ya kujipangia mwenyewe, na sensa ya presha ya manifodi. Hakuna ulimi, hakuna waya moto, hewa inapita wazi.

PikapuUyole

Ni njia halali kabisa, na kwa anayejua kuipanga ni safi. Lakini kwa milima yetu angalia kitu kimoja. MegaSquirt kwa kawaida inasoma presha ya hewa ya mahali pale unapofungua swichi, injini ikiwa haijawaka, na inaishika hiyo. Ukiwasha Kyela na kupanda mpaka Isyonje bila kuzima, bado inadhani uko ziwani. Inabidi uongeze sensa ya pili ya presha inayosoma hewa ya nje muda wote. Ukiiweka hiyo, sina ubishi nawe. Ila kupanga ramani yote ya petroli kuanzia sifuri ni kazi kubwa, na Mbeya waliobobea kwenye hilo ni wa kutafuta.

Kwa wanaokwenda njia yangu, haya ndiyo yanayoharibu kazi.

Nunua sensa pamoja na bomba lake. Watu wanachomoa kile kidude cha juu tu na kukitoboleshea bomba lolote. Sensa inapima hewa iliyopita kwenye sehemu ndogo ya bomba na kukadiria iliyobaki. Ukibadilisha kipenyo, kipimo chote kimehama. Mwambie muuzaji wa spea za mtumba akukatie na soketi na waya wa kutosha. Zile za Denso za waya tano zina +B ya volti 12, E2G, VG ndiyo ishara, halafu THA na E2 za joto la hewa. Weka kipande cha bomba lililonyooka kabla yake, isiwe mara tu baada ya kona, maana hewa inayozunguka inadanganya kipimo.

Halafu THA, hapa wengi wanapotea. Kontroli boksi ya zamani inadhani inapewa ujazo, kwa hiyo inasahihisha kwa joto la hewa. Waya moto umeshatoa uzito, joto limo ndani yake tayari. Ukiunga THA kama ilivyokuwa, joto linahesabiwa mara mbili: mchana wa jua gari inakosa petroli, asubuhi ya baridi la Juni inazidisha. Mimi nimeweka rizista ya kiloomu 2.4 mahali pa THA, kontroli boksi inaona nyuzi 20 siku zote na haisahihishi kitu.

Usipange kisanduku kwa kusikiliza mlio. Funga sensa ya oksijeni ya kipimo kipana (wideband) ya aina ya Bosch LSU 4.9 na geji yake, umuweke mtu pembeni asome wewe ukiendesha. Kwangu, na mita ya ulimi nzima, kupanda Isyonje na mzigo geji ilikuwa inakaa 11.2 hivi, yaani kilo 11.2 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Sasa inakaa kwenye 12.5, na Kyela ni 12.5 hiyo hiyo. Kulingana kwa juu na chini ndiko nilikokuwa nakutafuta. Ukiona 14 umekanyaga mafuta yote na mzigo upo, toa mguu mara moja, urudi kwenye laptopu.

Mchimbaji Chunya

Na vumbi je? Huku kwetu vumbi ndiyo hewa.

PikapuUyole

Vumbi ndilo adui yake mkubwa mkuu, na hapo ulimi unaushinda waya moto bila mjadala. Uchafu ukiganda kwenye waya unaukinga usipozwe, sensa inaripoti hewa pungufu, petroli inapungua. Tumia ea klina ya karatasi iliyokaa vizuri kwenye kingo zake. Zile za kupakwa oili achana nazo, oili inasafiri mpaka kwenye waya na vumbi linanata. Kusafisha ni kwa dawa maalumu ya sensa za hewa au ya kusafishia mawasiliano ya umeme, unapuliza, unaacha ikauke yenyewe. Usitumie dawa ya kabureta, brashi, wala kompresa. Waya ule ni mwembamba, kompresa inaukata.

Kama gari yako inaishi migodini na haishuki Kyela, kusema kweli ningekushauri umsikilize Mzee wa Ipogolo.

Mwanatukuyu

Nimerudi wakuu. Rilei ya koili imefungwa, gari haizimi tena. Kisanduku cha kutafsiri nimekipata, nimekipanga sailensa mpaka mwendo wa kati. Ila saa saba mchana nikipanda kutoka Kyela, geji inakwenda 13.8 nimekanyaga. Asubuhi haifanyi hivyo.

PikapuUyole

THA. Bado umeiunga ya kwenye sensa. Weka rizista kwanza, usiguse ramani, kisha rudia mlima ule ule, saa ile ile, mzigo ule ule. Ikibaki juu ya 13, pima presha ya mafuta kabla ya kuongeza petroli kwenye kisanduku, maana ulisema pampu ilibadilishwa na hatujui walikuwekea ipi.

Mwanatukuyu

Sawa kaka. Nabeba mchele Alhamisi, nitaweka majibu hapa.

Binti Makambako

Na mimi sensa ya oksijeni nimeagiza. PikapuUyole, nikipita Uyole utanisomea plagi?

PikapuUyole

Karibu sana dada. Zije zikiwa kwenye injini, asizisafishe mtu, na usiiache sailensa muda mrefu kabla ya kuzima. Panda Mlima Nyoka umekanyaga, zima juu kabisa, hapo hapo nitazichomoa.